Vidundu vya Ukingo wa Chini

Kuna anayeogopa nyoka na kuna anayeogopa radi, na wote wawili huonewa huruma. Anayeona kinyaa hahurumiwi na mtu, huchekwa. Bi Sabuni alilijua hilo vizuri, maana kwa mwaka mzima na ushei alikuwa akikanyaga udongo kando ya bwawa la wakwe zake, gauni limefungwa fundo juu ya magoti, na kwa muda wote huo walikuwa wakimcheka.

Jina la Bi Sabuni alibandikwa na shemeji yake mkubwa katika wiki ya kwanza, alipomkuta bombani akisugua vidole kwa mara ya nne kabla hata ya chai ya saa nne. Naye shemeji hakukosa jina. Kwa kuwa alitembea na kalamu sikioni na ubao wa kuandikia kwapani, hata pasipokuwa na cha kuandika, kila mtu alimwita Meneja. Meneja alicheka kwa sauti. Mumewe Bi Sabuni, kitinda mimba wa nyumba ile na mchoma tanuri, alicheka kwa kujificha, jambo ambalo lilimuudhi mkewe zaidi.

Karakana yao ilitengeneza vichujio vya maji. Kichujio ni chungu chenye umbo la ndoo, kilichofinyangwa kwa udongo uliochanganywa na unga wa mbao. Kikichomwa, unga huungua na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho, na maji ya kisimani yakimwagwa ndani hupenya tone kwa tone yakatoka yamesafika. Hospitali moja ilikuwa ikivichukua vyote na kuwagawia akina mama waliojifungua. Yaani tope lile lile lililompanda Bi Sabuni mpaka mapajani ndilo lililowapa wachanga maji safi. Watu wengine wangeliona hilo kuwa jambo la kumshukuru Mungu. Yeye aliona ametaniwa.

Kabla ya hapo alikuwa muuzaji wa duka la dawa: koti jeupe, sakafu ya vigae, glovu mkononi. Duka lilifungwa, mumewe naye akapunguzwa kazini mwezi huo huo, wakarudi nyumbani kwao mume "kwa muda". Kila mtu anajua maana ya kwa muda.

Tope peke yake angelivumilia. Tatizo lilikuwa wakazi wake. Ukingo mzima wa bwawa ulikuwa umejaa mbawakawa wa tope, vidundu vya ukubwa wa punje ya mchele, rangi ya kahawia yenye mabaka ya manjano yaliyokaa ovyo ovyo, vyenye manyoya mafupi yasiyoshika uchafu na miguu ya mbele yenye miiba ya kuchimbia. Mchana kutwa vilijifukia chini ya ngozi ya tope, vikitoboa vijia vilivyoinua uso wa ukingo mistari mistari, kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Ukitazama kwa makini uliona ile mishipa ikirefuka. Ukikanyaga, kitu kilipasuka chini ya unyayo, kidogo sana, halafu kingine, halafu vingine vitano kwa pamoja, na kilichosalia kikapita katikati ya vidole kikitafuta pa kutokea. Bi Sabuni alikuwa na nyimbo tatu alizoziimba kichwani wakati wa kukanyaga ili asisikie. Hakuna hata moja iliyosaidia.

Mama mkwe wake alivipenda vidundu hivyo. Aliviita wafanyakazi wangu.

"Hawa walianza kazi hapa kabla yetu sote," alikuwa akisema. "Wala hawajawahi kuniomba ruhusa."

Utaratibu wa Mama ulikuwa huu. Kabla ya kufungua sehemu mpya ya kuchimba, alimwaga ndoo ya maji ukingoni, akachuchumaa, akangoja. Vidundu vikihofia kuzama vilibubujika nje ya vijia, vikakimbia huku na huku, vingine vikaruka. Vikitoka vingi, Mama alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana vidundu havichimbi penye mchanga. Ila chumvi havijali, na udongo wenye chumvi haufai: kichujio chake hutoka tanurini kizuri, lakini baada ya wiki mbili za maji huanza kumeguka mdomoni kama mkate uliokauka. Chumvi ilikuwa kazi ya ulimi. Mama alimega donge, akalitia kinywani, akaliviringisha taratibu amefumba macho, akatema. Kisha akatoa hukumu, na hakuna aliyempinga, kwa kuwa kwa miaka thelathini hakukosea.

Bi Sabuni aliona utaratibu huo mara ya kwanza akaenda nyuma ya banda akatapika. Siyo tope tu. Siku ile Mama alitabasamu, na kwenye pengo kati ya meno mawili ya mbele kulikuwa na mguu wa kidundu, umesimama.

"Njoo nikufundishe, mwanangu," Mama alimwambia tangu siku hizo, na aliendelea kumwambia kila sehemu mpya ilipofunguliwa. "Mimi sitakaa milele. Wanangu wa kiume ndimi zao zimekufa kwa sigara. Wewe huvuti."

Bi Sabuni alikuwa na kidonda mdomoni. Mara jino lilimuuma. Mara alikuwa ametoka kupiga mswaki. Mama hakumlazimisha, alimweleza tu, kila mara, udongo mzuri ulivyo: baridi kwanza, halafu mzito, halafu hauna kitu. "Ukisikia kitu, basi ndicho hicho," alisema. Bi Sabuni aliitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama, huku akitazama pembeni.

Mambo yalianza kuharibika baada ya mvua, walipofungua ukingo wa chini. Vichujio vilianza kurudishwa kutoka hospitali. Vilimeguka. Kwanza kimoja, halafu vitatu, halafu gari zima. Mama alikuwa ameonja udongo ule mwenyewe na kusema ni safi, kwa hiyo udongo haukuulizwa. Meneja alizunguka na ubao wake, akatazama tanuri, akatazama kalibu ya kufinyangia, mwishowe akasimama mbele ya chekeche la unga wa mbao. Aliyechekecha unga alikuwa Bi Sabuni.

"Unga ukiwa mnene huacha matundu makubwa," alisema. "Kitu chenye matundu makubwa humeguka."

"Nachekecha mara mbili, shemeji."

"Chekeche ndilo hilo, na mwenye mikono ni wewe."

Aliapa kwa kila kitu alichoweza kuapia. Alimletea unga wenyewe kiganjani, laini kama wa kujipaka usoni. Haikusaidia kitu. Kwenye nyumba ya watu, lawama ikishapata pa kukaa haihami kirahisi, na huyu alikuwa mgeni, tena mwenye kinyaa, tena aliyewahi kuvaa koti jeupe. Kila mtu aliona inaingia akilini kwamba asiyeipenda kazi ndiye aliyeiharibu. Jumanne, mezani, Meneja alitangaza kwamba mkaguzi wa hospitali angekuja Alhamisi kutafuta chanzo.

"Akikuta ni unga wa mbao," alisema, "aliyeuchekecha atafute pa kwenda. Sisemi kwa ubaya."

Mumewe Bi Sabuni alitazama sahani yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa. Mama alinyamaza. Kile kimya cha Mama kilimuuma Bi Sabuni kuliko maneno ya Meneja, maana Mama ndiye aliyesimama naye bega kwa bega akichekecha, akaona kwa macho yake.

Jumatano alasiri kidundu kimoja kilimwingia sikioni.

Alikuwa ukingo wa chini, anakanyaga, anaimba kichwani. Kiliruka kutoka kwenye tope, kikatua shingoni, na kabla hajakipiga kofi kilishaingia. Kitu chenye miguu ya kuchimbia kikiingia sikioni hufanya kile kinachokijua. Alikisikia kikichimba. Sauti ilikuwa kubwa, kama mtu anakwangua sufuria ndani ya fuvu lake. Alikimbia mpaka bombani, akainamisha kichwa, akajimwagia maji, akaruka ruka kwa mguu mmoja, na mchoma tanuri akatoka mbio kuona mkewe ana nini, akaona, akageuka upande ili acheke. Kilipotoka kilikuwa hai. Kilitembea kiganjani mwake polepole, kimelowa, kimebeba kipande cha nta ya sikio lake.

Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili timamu hufanya jambo la kipumbavu. Bi Sabuni alivaa viatu, akaenda dukani, akarudi na kopo la dawa ya kuulia wadudu wa bustani, ile inayochanganywa na mafuta ya taa. Yeye aliyekuwa akiwasomea wateja karatasi za maelezo kwa sauti, hii hakuisoma. Alijipigia hesabu yake: ukingo wa chini Mama alishauonja zamani, hana haja ya kuuonja tena, kesho ataonja ukingo wa juu ambao haujafunguliwa, na dawa itakayobaki kwenye udongo itaungulia tanurini pamoja na unga wa mbao. Wakati wenzake wako ndani wanakunywa chai, alimwaga kopo zima. Tope lilichemka. Vilitoka kwa mamia, vikapanda juu ya vingine, vikajipindua, na yeye alisimama, mkono mdomoni, akitazama mpaka mwisho. Hakuona huruma hata chembe. Alilala usingizi mzuri, wa kwanza kwa wiki nyingi.

Mkaguzi alifika saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira na daftari dogo, anayeongea kwa upole wa watu ambao wamezoea kutiiwa. Alitazama chekeche, akasugua unga wa Bi Sabuni kati ya vidole viwili kwa muda mrefu, akaandika. Alitazama tanuri, akaandika. Kisha akasema, "Nionyesheni mnapochimba."

Mama alitangulia kuelekea ukingo wa juu. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri na meno yake ya bandia, yale aliyotengenezewa baada ya homa kali ya mwaka jana iliyomwangusha meno ya juu, na ambayo aliyavaa kwa ajili ya wageni tu.

"Huu bado haujachimbwa," alisema Mkaguzi. "Mimi nataka kuona mlipochimba udongo wa vile vilivyomeguka."

"Ni ukingo wa chini," alisema Meneja.

"Twende huko. Na Mama anionyeshe anavyofanya. Nimesikia habari za ulimi wake."

Walishuka wote watano, na hatua kumi kabla ya kufika harufu ilimpiga Bi Sabuni puani, mafuta ya taa na kitu kingine kikali kinachokwama kooni. Alimtazama Mkaguzi. Mkaguzi alikunja uso kidogo, akatazama upande wa tanuri, ambako mafuta ya taa yalikuwa jambo la kawaida. Alimtazama Mama. Mama hakuwa na habari.

Angeweza kusema pale pale. Alijua hilo siku ile na analijua mpaka leo. Lakini kusema mbele ya Mkaguzi kwamba ametia sumu kwenye udongo wa vichujio vya wachanga ilikuwa sawa na kujichimbia kaburi, tena wakati wenzake walikuwa wakitafuta koleo. Akajiambia kwamba haina haja. Mama ataisikia harufu. Ulimi wa mama huyu hugundua chumvi ya ukubwa wa nukta. Pua yake italijua kopo zima la dawa. Ataliinua donge, atakunja pua, atalitupa, na tutajua la kufanya. Hivyo akanyamaza, akangoja pua ya mtu mwingine imwokoe.

Mama alimwaga ndoo ya maji. Vidundu vilivyosalia vilitoka, na vilikuwa vingi kuliko siku yoyote, maana dawa ilikuwa imevifukuza kutoka chini kabisa. Vilitoka vimelewa. Vilitembea mduara, vikaanguka chali, miguu ikipiga hewa, vingine vikijaribu kuruka na bawa moja. Maiti za jana zilielea katikati yao zimevimba.

"Mmeona wafanyakazi wangu," alisema Mama kwa fahari. "Leo wametoka na wajukuu."

Alimega donge. Lilikuwa linang'aa kwa mafuta. Alilileta karibu na pua, akavuta pumzi kama kawaida yake, akafumba macho, akalitia kinywani.

Akaliviringisha. Bi Sabuni alingoja. Uso wa Mama ulikuwa umetulia kabisa.

"Safi," alisema Mama, donge likiwa bado shavuni. "Hauna kitu."

Bi Sabuni hakukumbuka baadaye alivyofika. Alijikuta amemshika mama mkwe wake kidevu kwa mkono wa kushoto na vidole vitatu vya mkono wa kulia vimo kinywani mwake, vinakomba. Akakomba shavu, akakomba chini ya ulimi, ulimi ukiteleza na kumkwepa, akakomba ufizi, na alipovuta mkono yalitoka donge, mate mengi ya kijivu, vidundu viwili, na meno ya juu yote kwa pamoja. Mkwe na mama mkwe kwa heshima hata kikombe kimoja hawatumii. Hawa walisimama ukingoni mbele ya mgeni, mmoja ameshika meno ya mwenzake.

"Kulikuwa na mdudu," alisema Bi Sabuni.

Meneja aliangua kicheko. Alicheka mpaka kalamu ikamtoka sikioni. "Mkaguzi, tusamehe, huyu shemeji yetu ana ugonjwa wa wadudu," alisema. Hata mchoma tanuri safari hii alicheka wazi. Mkaguzi hakucheka, ila aliandika kitu. Bi Sabuni alimshika Mama mkono akamvuta kwenda bombani nyuma ya banda, na Mama, kwa mshangao, alifuata.

"Sukutua," alisema. "Usimeze. Sukutua, tema. Tena."

"Midomo inaniwasha," alisema Mama. Bila meno maneno yake yalikuwa yanavuja pembeni. "Umenitia nini?"

"Mama, hukusikia harufu?"

"Harufu ya nini?"

"Ya mafuta ya taa. Ya dawa. Nilimwaga dawa ya wadudu jana, kopo zima. Mimi nimeisikia kutoka kule juu."

Mama alisukutua mara nyingine, akatema, akafuta mdomo kwa pindo la kitenge. Hakuuliza kwa nini amemwaga dawa. Hakugomba. Ndipo Bi Sabuni alipoanza kuelewa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ile homa. Nilipopona, chai ilikuwa maji ya moto. Nikasema itarudi." Mama aliosha meno yake polepole, akiyageuza geuza chini ya maji. "Harufu nayo ikaenda. Sisikii kitu. Udongo, sabuni, chakula kilichochacha, vyote kitu kimoja."

"Kwa hiyo ukingo wa chini hukuuonja."

"Niliutia mdomoni."

"Na nilipoambiwa ni unga wangu, ulijua."

Mama aliyavaa meno, akayabana yakae sawa. Yalipokaa, uso wake ulirudi kuwa uso wa mwenye nyumba. Akamsogelea, akamshika kiganja, na sauti yake ikawa laini, ile ya kumwita aje afundishwe.

"Sikiliza, mwanangu. Mkaguzi akiuliza, sema ni unga wa mbao. Sema ulikuwa mgeni wa kazi, ukakosea. Mimi nitasimama niseme nimekusamehe, na Meneja hatakugusa, hii bado ni nyumba yangu. Na hilo la dawa halitatoka kinywani mwangu mpaka naingia kaburini. Wewe unanisitiri, mimi nakusitiri."

"Na vichujio?"

"Tutahamia ukingo wa juu. Huenda ukawa mzuri."

"Huenda."

"Nikiacha kuonja, mimi nabaki nani hapa?" alisema Mama. "Kikongwe wa kufukuza kuku."

Bi Sabuni alitazama kiganja chake ndani ya kiganja cha Mama. Mkono huu, dakika tano zilizopita, ulikuwa umezama kwenye mate ya mtu mwingine, kwenye ufizi na tope na vidundu vilivyokufa, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwenye nyumba ile hakuwa ameona kinyaa. Hakikumjia hata kidogo. Sasa ndipo kilipomjia, kikapanda kutoka tumboni, kizito, na hakikuwa cha mdudu yeyote. Alimwonea kinyaa mwanamke huyu aliyemwacha abebe lawama miezi yote, akala naye sahani moja ya kimya. Halafu akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyosimama ukingoni, amefumba mdomo, akitazama donge likipanda kuelekea midomo ya mzee. Wote wawili walikuwa wamenyamaza kwa sababu moja. Aliutoa mkono wake.

Hakunawa. Alirudi ukingoni vile vile, mkono mchafu unaning'inia, na Mama nyuma yake akiita jina ambalo hakumwita kwa muda mrefu, mke wa mwanangu, mke wa mwanangu.

"Jana nilimwaga dawa ya wadudu hapa," alimwambia Mkaguzi. "Kopo lipo nyuma ya banda, utalisoma. Mama ameitia mdomoni, ameshasukutua lakini midomo inamwasha, nataka umpeleke akaangaliwe. Msichimbe hapa tena. Hilo ni kosa langu, wala sikutumwa na mtu."

Mkaguzi alikuwa ameshaacha kuandika.

"Na vilivyomeguka?" aliuliza.

Bi Sabuni aligeuka. Mama alikuwa amefika, amesimama pembeni yake, anahema, na hakumtazama. Maneno yalikuwa yapo tayari ulimini, na alitaka sana kuyasema. Kwa miezi mingi hakutaka kitu kingine. Akayazuia.

"Muulize Mama," alisema.

Bwawani kidundu kimoja kilikuwa bado kinazunguka chali, kinatia mawimbi madogo.

"Ulimi wangu umekufa," alisema Mama hatimaye. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayetaja msiba wa mtu mwingine. "Umekufa mwaka jana. Ukingo huu sikuuonja, nilibahatisha. Huyu unga wake hauna kosa. Nilijua, nikanyamaza."

Mchoma tanuri alikaa chini pale pale kwenye tope. Meneja alitazama ubao wake, ukurasa ule ambao alikuwa ameandika unga wa mbao na kupigia mstari mara mbili.

"Nimewasikia," alisema Mkaguzi. "Mama tunaondoka naye sasa hivi. Vyote vya tangu mvua vivunjwe. Na mimi siwezi kuwapa wazazi vichujio kwa kubahatisha. Mkiwa na mtu wa kuujua udongo, nitarudi. Msipokuwa naye, tuachane leo kwa heshima."

Mama ndiye aliyesogea kwanza, akaingia bandani, ambako fungu la udongo wa ukingo wa chini uliochimbwa wiki iliyopita, kabla ya dawa, lilikuwa limefunikwa kwa gunia. Alirudi na donge. Hakumpa Meneja. Alikuja mpaka mbele ya Bi Sabuni, akasimama, akamnyooshea.

Donge lilikuwa na vijia. Kwenye kijia kimoja ulionekana mgongo wa kahawia wenye mabaka ya manjano, nusu umefukiwa, na haikujulikana kama ni mzima au umekufa.

Bi Sabuni alilitia mdomoni.

Lilikuwa baridi. Lilikuwa zito, likajibandika kwenye kaakaa na nyuma ya meno, lina ladha ya maji yaliyolala na jani lililooza, na katikati yake kulikuwa na kitu kigumu chenye manyoya, ambacho kiligeuka chini ya ulimi wake. Machozi yalimtoka. Alifumba macho kama alivyoona ikifanywa, akaliviringisha, shavu la kulia, shavu la kushoto, akangoja pasiwe na kitu. Kitu kilikuwepo. Kilikuja mwishoni kabisa, kwenye kingo za ulimi, kidogo, kikali, hakina shaka.

Akatema.

"Huu una chumvi," alisema.

Kisha akainama, akatapika mbele yao wote, chai na tope na kidundu, mpaka hakukubaki kitu tumboni. Hakuna aliyecheka. Alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akainuka, macho mekundu, na bila kumtazama mtu akanyoosha kiganja.

"Nipeni wa ukingo wa juu."